Jina la Marehemu Mume Wangu Liko Chini ya Karatasi Isiyoeleweka

Ficheni jina langu na la ofisi, maana hapa Kitui tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, nina msichana mmoja. Nilifika kidato cha nne, kisha nikajifunza kupiga taipu. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulifanya kazi pamoja katika mradi wa kugawia wakulima mbegu, na yeye ndiye aliyeiangalia kompyuta ya Unix ambayo sote tunaitumia, kila mtu na skrini yake.

Ukutani, kando ya mashine, kuna karatasi aliyoandika kuhusu amri ya chmod, ile ya kupanga nani asome faili na nani aandike. Jina lake liko chini. Alikuwa mtu mpole, anakunja mikono ya shati kabla ya kugusa kibodi. Lakini aliandika kana kwamba wote tunajua anayoyajua yeye. Karatasi inasema: r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha. Basi. Kuhusu folda, hakuna neno. Hilo aliniambia kwa mdomo tu, tukichambua ndengu jikoni: "Folda haiendeshwi, Mama Mwende. Hapo x ni ruhusa ya kuingia. Ukiiondoa, mtu ataona majina ya faili kama anayechungulia dirishani, lakini ndani hafiki."

Kabla ya mvua iliyopita, mwenzangu Mutheu alitaka kuilinda folda yenye barua za kuruhusu mbegu ziende kwa wakulima wa Kyuso. Akasoma karatasi, akawaza: hizi ni barua, si programu, ziendeshwe kwa nini? Akaondoa x kwa kila mtu, hata kwake mwenyewe. Majina ya faili yakaonekana, lakini hakuna hata moja iliyofunguka. Siku hiyo nilikuwa Mbumbuni kwa mama mkwe. Lori la mbegu za ndengu lilingoja barua hizo, likachoka, likapelekwa kwingine. Watu wa Kyuso walipata mbegu mvua ikiwa imewapita.

Niliporudi niliirudisha x kwa amri ya mstari mmoja. Mutheu akalia. "Dada, nilifuata karatasi vile ilivyo!" Vijana wa stoo nao wakaanza mzaha: "Karatasi ya marehemu imeua ndengu." Nilitoka nje nikasimama peke yangu.

Nikaandika upya. Nikatenganisha faili na folda. Nikaeleza kwamba kati ya herufi tisa za ruhusa, tatu za kwanza ni za mwenye faili, tatu zinazofuata ni za kikundi chake, za mwisho ni za watu wengine wote. Nikaweka mifano. Mutheu alijaribu bila kuniuliza chochote, ikakubali.

Mkubwa wetu hakumaliza hata kuisoma. "Mama Mwende, huyo bwana ndiye alitufundisha kuwasha hii mashine. Leo unamsahihisha?"

"Simsahihishi, mzee. Namalizia."

"Karatasi iko sawa. Ni nyinyi hamsomi."

Nilirudi tena na tena hadi akachoka na mimi. "Haya, bandika yako. Lakini jina lake litoke. Siwezi kumwekea marehemu maneno ambayo hakuandika."

Sasa tunafungua ofisi Kanyangi na Mbumbuni, na Jumatatu mkubwa anataka karatasi moja ya kupiga kopi. Mbumbuni ndiko kwao mume wangu. Mama mkwe amesikia, akaniuliza, "Mwanangu hajamaliza hata miaka miwili kaburini, na wewe unamtoa ukutani?" Yeye hajawahi kuiona kompyuta. Nimweleze x ni nini?

Nikiacha ya zamani, jina lake litabaki, na wafanyakazi ambao hawakumjua watalitukana kila folda ikikataa. Nikipeleka yangu, kazi itaenda, lakini hakuna atakayejua kwamba aliwahi kukaa kwenye kile kiti. Nimechoka kubishana, na Jumapili kanisani sikusikia hata mahubiri. Nyinyi mliofiwa, na nyinyi mnaotumia mashine hizi, nishaurini: nimpe mkubwa karatasi gani?