Mwisho wa Riwaya Yangu Dirishani pa Kodi

Nicheke, msomaji, nastahili. Mwaka jana mchapishaji alinilipa malipo ya awali ya riwaya, kodi ikakatwa. Mwaka huu nimemrudishia fedha zote, nikabaki nimelipa kodi ya kipato nisichokuwa nacho. Nikaenda ofisi ya kodi Bukoba kuomba nafuu.

Shangazi, ambaye kila mwezi hunitumia mkungu wa ndizi kutoka Muleba ili niandike kwa utulivu, alinisindikiza. Nilikuwa nimemwambia kwamba fedha nilizirudisha kwa heshima: walitaka kuubadilisha mwisho wa riwaya, nikakataa. Kanisani kwao alishaitangaza habari hiyo.

Dirishani nilitoa stakabadhi, shingo nimeinyoosha kama korongo wa ziwani. Ofisa akataka pia barua ya mchapishaji yenye sababu. Nikampenyezea, nikiamini Shangazi bado yuko kwenye benchi.

“Mwanangu aliwakatalia kubadilisha mwisho!” Sauti yake ikatokea begani kwangu, foleni nzima ikageuka.

Ofisa akaisoma barua mara mbili. “Mwisho upi, mama? Hapa wanasema hakuwapelekea hata ukurasa wa kwanza.”

Shangazi akanigeukia. “Waitu, jamani! Na ndizi zangu zote zile?”