Metwalli Hamwachi Mtu Ashuke Shimoni

Saa mbili asubuhi, Metwalli Gharib anazima trekta lake nyuma ya nyumba ya Bi Insaf, kijijini Kafr Abu Nawar, Misri. Anashuka polepole, anauinua mfuniko wa tangi la maji taka kwa nondo, kisha anakaa mbali kidogo kusubiri shimo lipumue.

"Sigara zote zimeni," anawaambia wanaume waliokuja kutazama. "Na nyie mmekula bata juzi. Mafuta yote mmeyamwaga huku, yameganda juu kama sabuni."

"Sasa tuyapeleke wapi, fundi?" anauliza Bi Insaf kutoka mlangoni.

"Kwenye kopo, Mama Wagdi. Popote, ila si kwenye sinki."

Metwalli ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akinyonya mashimo ya nyumba za hapa na vijiji vya jirani. Bomba kuu la maji taka halijafika. Maji ya ardhini yako karibu, mita moja tu ukichimba, kwa hiyo tangi lililosahauliwa humrudia mwenyewe sebuleni. Siku nzuri huvuta matangi matatu. Siku trekta likigoma, hapati kitu.

Anachukua fimbo ndefu aliyoifunga kitambaa cheupe, anaizamisha hadi chini, anaitoa na kuisoma. Tope limepita nusu ya kina. "Mara ya mwisho lilinyonywa lini?"

Bi Insaf anahesabu kwa vidole. "Kabla marehemu mume wangu hajafa."

"Miaka saba! Mimi nawaambia kila siku: mwaka ukiisha, pimeni. Dakika tano tu."

Leo haraka ni kubwa zaidi kuliko kawaida. Binti wa nyumba anaolewa Alhamisi, bafu limefurika, na wageni kutoka mji wa Tanta wanafika kesho. Mashine ya kunyonya inanguruma kwa nusu saa mpaka tangi linabaki karibu tupu. Lakini bafuni maji bado hayashuki. Kuna kitu kimekwama kwenye mdomo wa bomba, ndani ya tangi.

Hapo ndipo Wagdi, kifungua mimba wa Bi Insaf, aliyerudi likizo kutoka Kuwait, anavua viatu na kuitisha ngazi.

"Haingii mtu," anasema Metwalli.

"Ami, tangi tupu! Nashuka, navuta, napanda. Hata pumzi naweza kuibana."

"Haingii mtu."

"Wewe unataka kutuchelewesha tu, ulipwe siku nzima."

Wanaume wanacheka. Metwalli anakwenda kukaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ameitandaza juu ya uwazi.

Bi Insaf ndiye anayetoka na kusimama mbele ya mwanawe. "Wewe ulikuwa Kuwait, hukuona," anamwambia. "Bayumi, mdogo wake huyu, alishuka kuokota ndoo. Tangi lilikuwa tupu hivihivi. Hakupiga hata kelele. Shindi, jirani yake, akaruka kumwokoa, naye akalala palepale. Huyu Metwalli alitaka kuwa wa tatu. Mimi ndiye niliyemkumbatia kiunoni, akanipiga kiwiko akanivunja jino. Nilikuwa na nguvu wakati ule, mwanangu. Leo sina za kukushika wewe."

Wagdi anavaa viatu vyake.

"Ile hewa haina rangi, na pengine haina hata harufu," Metwalli anamweleza mwandishi wa makala haya baadaye. "Watu wanadhani kinachoua ni maji. Mimi nilikuwa nawashusha watu, nilishuka hata mimi mwenyewe, miaka kumi na tano. Bayumi alishuka kwa sababu aliniona mimi nikishuka."

Kazi ya dakika tano inakwenda hadi adhuhuri. Wagdi anasukuma waya mrefu kutoka bafuni. Metwalli, akiwa amelala kifudifudi pembeni mwa shimo, uso ameugeuzia upepo, anavuta kwa ndoana iliyofungwa kwenye mti wa mita tatu. Mara ya kumi hivi, kinatoka kitambaa cha kudekia na soksi moja. Bafuni maji yanakoroma na kushuka. Bi Insaf anapiga vigelegele kama bwana harusi ameshafika.

"Ami, nisamehe," anasema Wagdi.

"Nisaidie mfuniko kwanza, ni mzito."

Siku hizi, jioni, Metwalli huchomelea wavu kutokana na vyuma chakavu vya vitanda. Wavu hukazwa kwa saruji chini ya mfuniko: bomba linapita, fimbo inapita, mtu hapiti. Ameshaweka kwenye nyumba kumi na tisa. Kijiji kina nyumba mia moja na arobaini, na anataka azimalize zote kabla mgongo haujamkatalia.

Ya ishirini itakuwa ya Bi Insaf, harusi ikipita. Ya ishirini na moja hakuitarajia. Zakiyya, mjane wa Shindi, hajamsemesha kwa miaka kumi na moja, tangu msiba ule. Wiki iliyopita alimtuma binti yake na kipande cha uzi, fundo huku na fundo kule: upana wa mdomo wa shimo lake.

"Hakutuma salamu," anasema Metwalli, akiutoa uzi mfukoni na kuunyoosha juu ya goti. "Lakini kapima vizuri. Jumamosi naenda."