Baba Akisubiri Mionzi Iishe

Daktari wa mjini alituchorea kwenye karatasi. Dawa yao ya majaribio, alisema, ni kipande kidogo mno cha vinasaba kilichotengenezwa maabara na kufungwa pamoja na mionzi. Kikiingia mshipani kinazunguka mwilini mpaka kiukute uvimbe, kinanata hapo, na mashine inaona kilipo.

Nilimweleza baba kwa Kimaa kwamba wamemtia mfuata nyayo, kama wa kutafuta ng'ombe aliyepotea.

"Akimpata ng'ombe, atamrudisha?"

"Hapana. Anaonyesha alipo tu."

"Hata mimi najua alipo," akasema, akajishika mgongo.

Muuguzi alitupa sharti: kwa siku tatu baba asikae karibu na watoto wala wajawazito, asiwashike.

Tulipofika Karatu baba alikataa kuendelea hadi nyumbani Malambo. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Asipoguswa hajasalimiwa, na atajiuliza amekosa nini.

"Nifike kwa wajukuu zangu nimeficha mikono ndani ya shuka, kama mwizi? Nitakwenda mionzi ikiisha."

Nikamwambia watoto wataelezwa.

"Umezunguka na mahema ya watalii mpaka umesahau. Wewe bado layoni."

Mimi, mwenye mvi kidevuni, naitwa kijana asiyetahiriwa! Nilicheka. Naye alicheka, mpaka maumivu yakamkatisha.

Tukapanga chumba. Mama mwenye gesti, Mwiraqw, alituletea uji mlangoni.

"Shikamoo mzee. Nasikia Mmasai haogopi simba, anaogopa watoto?"

"Marahaba. Simba haniinamishii kichwa."

Miguu yangu haijui kukaa. Nilitembea hadi barabara ya lami, nikatazama magari ya watalii yakipanda kuelekea geti la Ngorongoro, nikatamani kupanda lolote, nikarudi. Baba alikuwa akinywa maji mengi kama alivyoagizwa. Kila akitoka kukojoa aliniuliza mionzi imebaki kiasi gani.

Kesho yake mikono ya baba ilianza kufa ganzi. Kisha akashindwa kuketi. Siku ya mwisho ya sharti daktari alipiga simu: kile kipande kimenata kwenye uti wa mgongo, kuanzia shingoni, na kwenye ini. Kilichobaki ni dawa za maumivu. Nilimwambia baba yote.

"Na watoto?" akauliza.

Nikamuuliza daktari.

"Anaweza kuwashika sasa."

Ndugu yangu aliwaleta wajukuu asubuhi iliyofuata kwa lori la ng'ombe. Wakubwa walisita mlangoni, wakimwangalia babu yao alivyolala. Mdogo kuliko wote hakusita. Alikwenda moja kwa moja kando ya kitanda, akainamisha kichwa. Mkono wa baba ulichomoza kwenye shuka, ukatambaa, ukaishia ukingoni mwa godoro. Hapo ukakwama. Mtoto hakuinua kichwa. Baba alinitazama, nami nilisimama palepale, nisijue kama ni halali kwangu kuubeba mkono wake hadi utosini kwa mtoto.