Dansa wa Ireland aliyekataa stage ya simiti Jeddah

Wakuu, habari za huko mliko. Haya niliyaona kwa macho yangu. Anayetaka chumvi aende jikoni.

Mimi ni dereva hapa Riyadh, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kuja huku, alipata kazi ya kubeba kundi la madansa kutoka Ireland: show kadhaa hapa Riyadh, halafu mbili Jeddah. Nikapewa basi dogo na abiria kumi na wawili.

Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Orla, miaka thelathini na nane. Mwembamba, hacheki ovyo. Nilidhani ni mwalimu tu.

Kisha nikamwona stejini.

Dansi yao mnaijua? Kiwiliwili hakitikisiki. Mikono imebana mbavuni kama askari wa paredi. Kazi yote ni ya miguu, na viatu vina soli ngumu inayogonga mbao kama ngoma. Mimi ni Mkamba, kwetu dansi bila mabega si dansi. Lakini siku hiyo nilisahau hata gari nimeliegesha wapi.

Kwenda Jeddah ni kutwa nzima barabarani. Orla aliketi mbele, tukapiga story.

Alianza kucheza akiwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na kila Jumamosi alimpeleka mashindanoni. Alipofika kumi na tisa akaajiriwa, na tangu hapo anaishi kwa begi. Mguu umevunjika mara mbili. Mara zote mbili daktari alimwambia aache. Akajifunza upya, akianza kwa kutembea ndani ya swimming pool.

"Nimeambiwa halas mara mbili," alisema. Hiyo halas, yaani basi imekwisha, nilimfundisha mimi.

Jeddah tulifika jioni. Kesho yake asubuhi tukaenda kuona stage.

Zulia zuri. Orla akagonga kisigino mara moja tu. Chini ya zulia ni simiti tupu.

"Mbao ziko wapi?"

Msimamizi wa pale akatabasamu. "Mafi mushkila, hakuna shida, madam. Zulia ni nene. Yalla, watu wanakuja saa mbili usiku."

"Hawa wasichana wakicheza hapa, kuna atakayevunjika mfupa. Hatuchezi."

"Basi naandika kwamba umevunja mkataba."

"Andika."

Wakuu, nilitamani kujificha chini ya basi. Sisi tumezoea kusema naam bosi hata tukiumia. Huyu alikuwa anahatarisha tour nzima, na hakupandisha hata sauti.

Nikakumbuka Musa, fundi wa Uganda anayejenga stage za maonyesho hapo Jeddah. Nikampigia, akakubali. Nikamwomba Orla amweleze msimamizi kwamba mbao zinakuja. Yule jamaa akaguna, akasema tuna mpaka saa kumi na mbili jioni.

Musa alikuja na pickup ya plywood na vipande vya mbao vya kuinulia sakafu. Tukapiga kazi. Orla mwenyewe alishika drili.

Tulipomaliza akavaa viatu, akapita ubao kwa ubao akigonga. "Hapa pana uwazi." Musa anakaza. "Na hapa." Musa anakaza.

Halafu akacheza dansi nzima peke yake, bila muziki, kuhakikisha. Mafundi wakaacha nyundo. Msimamizi akashusha simu kutoka sikioni.

Show ilifanyika. Watu walisimama kupiga makofi.

Baadaye nilimkuta ameweka barafu kwenye goti. Nikauliza, "Madam, kwa nini hukukubali tu lile zulia? Ni show moja."

Akasogeza ile barafu. "Nilipovunjika mara ya kwanza, kiongozi wetu alikuwa ameona kwamba chini ni simiti. Alinyamaza. Mpaka leo sijui kama aliogopa au hakujali."

Maneno hayo yalinikaa kifuani mpaka Riyadh. Maana mimi ndiye ninayewagawia madereva wenzangu magari, na kulikuwa na basi moja lenye tairi zilizoisha ambalo kila wiki nilimpa mtu na kunyamaza.

Nilienda kwa kafili. Kwa adabu nikamwambia basi hilo simpi mtu tena. Siku ya tatu tairi zikabadilishwa.

Nilichojifunza: ukitangulia wenzako, jukumu lako la kwanza ni kukanyaga sakafu kabla yao.

Wewe je, kuna siku uliona hatari ukanyamaza? Au ulisema, wakakufanya nini? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.