Nilivyogeuza Ukumbi Mzima ili Jina Langu Lipate Nafasi

Mutanicheka, na haki ni yenu, ila kwanza munisikilize mupate kucheka vizuri: kuna wakati niliamini kwa moyo wangu wote kwamba programu ya kuchorea mipango ya umeme kwenye kompyuta inanusa makosa. Ndiyo, inanusa. Nilisikia kwa mwenzangu wa shule ya jioni hapa Kasongo, naye alisikia kwa mwendesha pikipiki wa Salamabila, kwamba kuna bwana mmoja huko Bukavu alichora nyaya mbili zikagusana pasipofaa, akabonyeza kuhifadhi, na mashini ikakohoa, ikatoa moshi kama sufuria ya sombe iliyosahauliwa jikoni, na mtaa mzima ukaingia giza. Kwa hiyo, walisema, mashini yako ikikaa kimya ujue mchoro umekubaliwa, huna haja ya kumuuliza mtu.

Niliamini kama vile mtu anavyoamini kwamba mawingu meusi ni mvua. Kila nikikaa kuchora nilivaa buti za mpira (mwalimu aliniuliza kama nimetoka shamba la mpunga, nikamjibu kwa heshima kwamba ni usalama wa kazi), na kabla ya kuhifadhi nilisema bismillahi, nikarudisha kiti nyuma kidogo, nikabonyeza kwa kidole kimoja, macho nimeyafumba nusu. Mashini haikukohoa hata siku moja. Na mimi, badala ya kujiuliza mbona haikohoi hata nikikosea wazi, nikahitimisha kwamba nina kipaji.

Maana makosa yalikuwa tele, wala siyafichi. Mkono wangu ulizoea jembe na baiskeli, sasa unaambiwa usukume kile kipanya mezani, ukisukuma kidogo tu mchoro wote unatoroka kwenye kioo kama swala aliyeona mbwa, unabaki na ukurasa mweusi, unautazama, nao unakutazama. Taa yangu ya kwanza niliichora kubwa kuliko nyumba yake. Mwalimu alisema taa ile ikiwaka Kasongo, watu wa Nyangwe watatoka kuanika mihogo usiku. Lakini nilishikilia, jioni baada ya jioni, mpaka nikapata cheti, na mama mudogo Mwavita, mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, akakizungusha cheti kile nyumba kwa nyumba kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Habari zikamfikia Injenia Faida. Huyu ni mama mmoja wa Kabambare, anafunga umeme wa jua katika zahanati na mashule, haongei sana, na pikipiki anaiendesha mwenyewe kwenye zile njia ambazo hata mbuzi huzifikiria kwanza. Alihitaji mtu wa kumchorea. Akanipa mtihani: ukumbi wa mtaa wetu, pale tunaposomea maulidi, tunapofanyia harusi na matanga.

"Hii ikitoka vizuri," aliniambia akiwa tayari juu ya pikipiki, "maternite ya kwetu Kabambare utachora weye. Kule mukunga anazalisha tochi iko mudomo. Unasikia?"

"Ninasikia, Mama Injenia."

Nilisikia, kweli, lakini nilisikia zaidi neno "utachora weye". Kabla vumbi la pikipiki yake halijatulia, nusu ya Kasongo ilikuwa imeshapata habari kwamba Ramazani anakwenda kuwapa wazazi wa Kabambare mwanga. Ile tochi mdomoni mwa mkunga sikuifikiria tena. Nimeifikiria sana baadaye.

Sasa munielewe huo ukumbi, maana aibu yangu yote imo ndani yake. Ni chumba kimoja kirefu, mlango mmoja unatazama barabara, mwingine unatazama ua, kule kwenye jiko. Siku ya watu tunatundika pazia katikati: wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa ua. Siku za kawaida hakuna pazia, na nusu hizi mbili zinafanana kama pacha. Nilipima vizuri, nikachora vizuri: swichi zote karibu na mlango wa barabara, na hapo hapo prizi ya kuchomekea ampli ya kukuza sauti ya mikro, ili msomaji awe nayo karibu. Mpaka hapo mchoro ulikuwa hauna doa, naapa.

Tatizo likawa jina langu. Pembeni ya karatasi, chini, kuna kile kisanduku ambamo mchoraji anaandika jina lake. Mimi nililiandika kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa amekaa kwenye baiskeli, tena baiskeli inayoteremka: RAMAZANI, MCHORAJI WA UMEME. Sasa kisanduku kikakua kama tumbo la mkubwa wa kazi, kikagusa swichi zangu. Ningeweza kupunguza jina. (Hata leo nikiliandika neno hilo, kupunguza, kalamu inaona aibu kwa niaba yangu.) Lakini nilikuwa nimejifunza wiki ile amri moja tamu, unayobonyeza na mchoro unageuka kama sura kwenye kioo, kulia inakuwa kushoto. Nikabonyeza. Swichi, prizi, nyaya, hata jiko la uani, vyote vikahamia ng'ambo ya pili, maandishi ya milango yakabaki palepale, jina likabaki limenyoosha miguu. Nikasema bismillahi, nikahifadhi. Kimya. Hakuna kikohozi. Nikavua buti, nikaenda kula.

Fundi wa kufunga aliletwa na Injenia kutoka Salamabila, kijana anaitwa Salumu, hakuwa anajua desturi za mtaa wetu. Akaniuliza akiwa juu ya ngazi:

"Kaka, siku ya watu, wanaume wanakaa upande gani?"

"Fuata mchoro, Salumu."

"Ninafuata. Ninauliza tu."

"Mashini ilishakubali. Kama iko na kosa ingekohoa."

Akachungulia chini toka kwenye ngazi, akasema, "Ingekohoa?"

"Fuata mchoro, ndugu yangu."

Akafuata. Nami siku ile nilisimama katikati ya ukumbi mtupu, nikawasha, nikazima, nikawasha tena, nikatazama juu kwenye taa tu, sikutazama nimesimama wapi wala nimetembea kwenda upande gani kuzifikia hizo swichi. Mtu akijisifu shingo yake huwa inaelekea juu.

Siku ya kufungua tulimaliza sala ya magharibi, watu wakaja wengi. Pazia likatundikwa. Mimi nilikuwa nimebandika mchoro wangu ukutani, nje ya mlango, karatasi kubwa nilizoziunganisha, jina likionekana toka barabarani. Taa zikawaka, watu wakasema takbiri, nikajifanya nakohoa ili wageuke waone nani anakohoa. Hapo Maalim Idi, mzee wa ukumbi, akaomba mikro, akauliza:

"Tuchomeke wapi?"

Wanaume wakatafuta ukutani. Ukuta ulikuwa mweupe. Hakuna prizi, hakuna swichi, hata msumari wa kutundika kofia hakuna. Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikasema:

"Iko huku kwetu! Na maswichi yote iko huku!"

Kikaja kicheko kidogo, cha adabu. Maalim, mtu mpole, akasema basi haidhuru, Mwavita atusaidie. Ampli ikapitishwa chini ya pazia, waya wa mikro moja ukarudishwa kwetu, na mikro ya pili (ampli ile ina mikro mbili, kumbukeni hilo) ikabaki huko kwa wanawake, mapajani mwa mama mudogo wangu, ambaye maishani mwake alikuwa hajashika chombo kinachokuza sauti, kwa sababu hakuwahi kukihitaji.

Maalim akaanza dua. Katikati ya dua, giza. Upande wetu tu; kwa wanawake kunang'aa, sisi tumekuwa kama mizigo ghalani.

"Nani amezima?" mmoja akauliza.

"Haiko miye," bibi mmoja akajibu toka kwenye mwanga, "ni mugongo yangu! Niliegemea!"

Wakabonyeza hii, ikazimika ya kwao. Wakabonyeza ile, ikawaka ya nje. Na katika giza lile, kutoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa, ikashuka juu ya mtaa mzima sauti ninayoijua toka utotoni, inamnong'oneza jirani:

"Musimuseme sana mutoto wa yaya yangu, dada marehemu. Alisoma kweli. Ila aliniambia mashini yake inakohoa ukikosa, njo maana anavaaka mabuti ndani ya nyumba akiandika. Sasa maternite ya Kabambare njo atachora tena. Mungu asaidie wale wamama."

Jamani. Hata pikipiki zilizokuwa zinapita barabarani zilisimama. Ukumbi ulipasuka, mtaa ulipasuka, nafikiri mto Lualaba wenyewe ulitikisika. Mama mudogo akauliza, bado hewani, "Banacheka nini?" Na hiyo ikawa mbaya kuliko yote.

Ningekaa kimya ingeishia hapo. Nikasimama. Nikachukua mikro ya Maalim, nikatangaza kwamba mchoro hauna kosa, kosa ni la ufungaji, anayebisha atoke aone mwenyewe! Wakatoka wote, na taa za simu mkononi. (Salumu alikuwa hapo. Hakuwaambia kwamba aliniuliza, na kwa hilo nina deni la shukrani mpaka leo.) Maalim akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mwanangu, huu ni mlango wa barabara?"

"Ndiyo, Maalim."

"Na hiki kinachopakana nao?"

Nikatazama. "Ni... jiko."

"Kwa hiyo mgeni akitoka barabarani anaingia ndani ya sufuria."

Sikusikia kicheko safari hiyo, masikio yalikuwa yamejaa damu. Nilikuwa nimeshaona. Niliona ile jioni moja, kile kidole kimoja, na jina langu limenyoosha miguu. Na nyuma ya watu alikuwa amesimama Injenia Faida, vumbi la njia ya Kabambare bado liko kwenye koti lake. Alisogea, akasoma mchoro wote bila haraka. Hakugusa swichi. Aligusa jina.

"Ulisogeza hii, ao ulisogeza ukumbi?"

"Ukumbi, Mama Injenia."

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Salumu kurudisha kila kitu mahali pake, kwa jasho langu. Prizi ya ampli tuliihamisha. Swichi hatukuzihamisha: tulimkuta mama mudogo na wenzake wamekaa chini yake na masufuria yao, wanachambua mchele.

"Hizi ziache, baba," akaniambia. "Miaka yote sisi tunangojaka banaume bakumbuke kutuwashia. Sasa bataomba." Na mpaka leo wanaomba. Maalim hupiga makofi kidogo kwenye pazia na kusema tafadhali. Nimefikiri mara nyingi kwamba kitu pekee chema nilichokifanya katika mchoro ule sikukichora mimi.

Tangu hapo nina nadhiri, naishika: ukuta ambao sijaugusa kwa mkono siuchori, na jina langu naliandika mwisho, dogo, pale palipobaki.

Lakini hiyo maternite ndiyo iliyokuwa imenikaa kooni. Injenia alikuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki yake. Nilikwenda kumwambia kwamba namwelewa, atafute mwingine, kule si mahali pa mtu kuegemea mgongo na taa ikazimika mtoto akiwa njiani. Nikamweleza yote, na ile habari ya Bukavu, na moshi, na kwa nini sikumjibu Salumu alipouliza: kwamba mashini ilikuwa imekubali.

Alinisikiliza. Sikuona akicheka, ila alifunga kamba ileile mara mbili.

"Panda," akasema. "Tukifika utalala kwenye kitanda ya muzazi, utanyoosha mukono, kiisha utasimama pale mukunga anasimama. Ile ukuta mikono yenu inafikia, njo utachora swichi."

Nikapanda, nimeshika kompyuta kifuani. Akawasha pikipiki, halafu akaizima tena, akageuza kichwa.

"Na haikukubali, Ramazani. Ile mashini haijue umeme, haijue Kasongo, haijue wanaume bako wapi. Haikatalake, haikubalike. Ilihifadhi tu."