Fimbo za Kimo Chake

Siku Kiduchu alipotangaza nyumbani kwamba anakwenda kupimwa ili atengenezewe fimbo zake za gofu, mumewe alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe cha chai chini. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa mikono mipana na utani usiokwisha, na kwake kitu chochote kilichozidi urefu kilikuwa na dawa moja tu: msumeno wa chuma.

"Kupimwa?" akauliza. "Kwani unashonewa gauni?"

"Ndiyo. Gauni la chuma."

"Mama watoto, fimbo ni fimbo. Mpira hauna macho. Haujui umepigwa na fimbo ya nani."

"Mpira haujui. Mimi najua," akasema Kiduchu, akaendelea kupiga pasi.

Hawa watu wa fimbo ni fimbo tunao wengi, na wananiudhi. Ukiwachunguza utakuta wamevaa miwani iliyopimwa kwa macho yao na suruali iliyopunguzwa kwa fundi, lakini wewe ukisema unataka kitu cha kukutosha, unaambiwa umeanza makuu. Kiduchu alikuwa amewasikia tangu utotoni. Alikuwa mdogo wa umbo, kitindamimba katika nyumba ya warefu, na kila alichovaa kilikuwa kimeshavaliwa na dada zake wote kabla hakijamfikia. Sketi zilipindwa, viatu vilijazwa karatasi mbele, naye akaambiwa ashukuru.

"Na bati la jikoni?" mumewe akauliza, sasa bila kucheka. Pesa ambazo Kiduchu alikuwa akizidunduliza zilikuwa za bati hilo. Lilikuwa limetoboka, na mvua ikinyesha, sufuria moja ilikuwa na kazi ya kukinga maji badala ya kupika.

"Bati litasubiri. Lenyewe limezoea kuvuja. Mimi ndiye niliyechoka kuzoea."

Mumewe akakuna kichwa. Alimjua mkewe: akishasema kwa sauti ya chini namna hiyo, basi maneno yameisha.

Kiduchu alikuwa mbeba mifuko kwenye uwanja wa gofu, na jina lenyewe alipewa huko, enzi alipokuwa msichana na mfuko anaoubeba unakaribia kumzidi kimo. Alibeba mifuko ya mawakili, ya wafanyabiashara, ya wake zao. Jumatatu, siku ambayo wenye uwanja hawakuja, wafanyakazi waliruhusiwa kucheza, na hapo ndipo alipojifunza. Aliupenda mchezo huo kiasi kwamba alipokuwa na mimba ya kwanza alicheza mpaka tumbo likamzuia kuuona mpira. Sasa magoti yalikuwa yameanza kulalamika, na alitaka kitu kimoja tu: awe mwalimu. Asimame kwenye uwanja wa mazoezi na kofia yake, afundishe watu kupiga, asibebe tena. Lakini chama cha walimu wa gofu hakikumpa mtu kibali bila mtihani wa kucheza, na mtihani huo Kiduchu alikuwa ameufeli mara mbili.

Fimbo alizokuwa nazo zilitoka kwa daktari wa meno, ambaye Kiduchu alimbebea mfuko kwa miaka mingi kuliko wote. Alikuwa mtu mwema, mrefu wa kuinama mlangoni. Siku alipotengenezewa fimbo mpya zilizopimwa kwa mikono yake mirefu, zile za zamani akampa Kiduchu, naye akazipokea kwa mikono miwili na shukrani ya kweli. Tatizo ni kwamba akizishika mwisho wa mpini, mpini unamchoma tumbo. Ikabidi azishike chini kabisa, mpira wa mpini unapoishia na chuma kinapoanzia. Hata hivyo kichwa cha fimbo hakikulala sawa chini. Pua ya kichwa hicho, yaani ncha yake ya mbele, ilitazama juu, kisigino chake kikakwangua majani, na mpira ukaondoka kwenda kushoto.

Kiduchu hakulia. Alitafuta njia. Kama mpira unakwenda kushoto, yeye atasimama akielekea kulia, na hesabu itajisawazisha yenyewe. Haikuchukua muda miguu ikazoea, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na hila. Mpira uliangukia karibu na bendera ya shimo, wenzake wakapiga makofi. Ila siku za mtihani, mkono ukipata hofu, mpira mmoja ulikwenda kushoto, mwingine kulia, naye hakujua kwa nini.

Mumewe alijaribu kusaidia, lazima tumpe haki yake. Alizichukua fimbo zile akazikata kwa msumeno, akapiga tupa ncha zake, akavalisha mipini upya kwa gundi. Kazi safi. Lakini fimbo iliyokatwa hivyo kichwa chake hupoteza uzito mkononi, na pua bado ilikuwa inatazama juu kama inanusa mvua. Kiduchu alipoipiga ya kwanza alihisi kama anapiga kwa mwiko.

"Nimekuharibia?" mumewe akauliza.

"Hujaniharibia. Umenisaidia kukata maneno."

Daktari wa meno alipopata habari, akamweka kando kwa upole. "Kiduchu, usidanganyike na wauza duka. Kupimiwa fimbo kuna faida kwa mchezaji ambaye mkono wake umeshatulia. Wewe pesa hizo zilipie mazoezi kwanza. Ukifaulu mtihani, ndipo ujipongeze."

"Na wewe ulipopimiwa, Daktari, mkono wako ulikuwa umetulia?"

Daktari akacheka, maana wote wawili walijua mipira yake mingi inalala kwenye bwawa. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Chumba cha vipimo kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya michezo, ukipita rafu za viatu. Kilikuwa na zulia la plastiki na wavu mzito ulioning'inizwa hatua chache tu mbele ya mpigaji. Fundi wa vipimo alikuwa mwanamume mnene asiyependa maneno. Alimpima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, akapima kiganja, akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo na kumwambia apige mpira uliokuwa juu ya ubao. Alipogeuza fimbo, alama ya mkwaruzo ilikuwa kisigino kabisa.

"Mama, umecheza na hizi muda gani?"

"Muda mrefu."

Fundi akatikisa kichwa, akamletea nyingine, fupi zaidi, iliyopindwa shingoni ili ilale sawa, kichwa kikiwa na uzito wake. Kiduchu akapiga. Mpira ukagonga wavu, na mkononi hakusikia mtikisiko wowote, kulikuwa na ulaini tu uliopanda mpaka kwenye kiwiko. Akapiga tena, akapiga tena. Alitaka kulia, na mara hiyo hiyo hasira zikampanda. Kumbe wenzake ndivyo wanavyosikia siku zote? Kumbe huu ndio mchezo wanaoucheza? Alilipa siku ileile, asije akajipa nafasi ya kubadili nia.

Fimbo zilipokuja, alizipeleka uwanjani Jumatatu mbele ya wabeba mifuko wote. Wengine walikuja kutazama tu pesa ya bati inavyoonekana. Kiduchu akapiga moyo konde, akalenga bendera, akapiga. Mpira ukaruka vizuri, juu, mzuri kwa macho, ukaenda kulia na kutua mitini. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wa tatu, wa nne, yote mitini. Vicheko vikaanza pembeni, kwanza vya kuziba mdomo, halafu vya kushika mbavu.

"Dada, hizo ni za kuwindia ndege?" mmoja akauliza.

Daktari alipita baadaye, hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikouma zaidi. "Dukani wanaweza kukurudishia kiasi," akasema.

"Sirudishi."

Alijibu hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni alikuwa amevunjika. Alibaki peke yake kwenye uwanja wa mazoezi akipiga kwa hasira, na mipira ikaendelea kwenda kulia kana kwamba imeagizwa. Alijiuliza kama wote walikuwa sahihi na yeye ndiye mjinga mwenye jiko linalovuja.

Mumewe ndiye aliyekuja kumfuata, akiwa bado na nguo za kazi na mfuko wa vyuma begani. Akasimama nyuma ya mkewe, akatazama mpira mmoja ukienda, akatazama wa pili.

"Mke wangu, unapiga wapi?"

"Bendera ile pale, huioni?"

"Bendera naiona. Sasa mbona umesimama kama mtu anayeelekea chooni?"

"Usinitanie leo."

"Sitanii. Usisogee." Akachomoa nondo kwenye mfuko wake, akailaza mbele ya vidole vya miguu ya mkewe, iguse viatu vyote viwili. Halafu akarudi nyuma, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama anavyofanya akitazama kama geti limesimama wima. "Njoo uone mwenyewe."

Kiduchu akaja, akachuchumaa kando yake. Nondo ilikuwa imeelekea kulia, moja kwa moja kwenye vyoo vya wafanyakazi, mbali kabisa na bendera.

Alikaa chini kwenye majani. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kusimama nyuma ya watu na kuwaambia, kidogo kushoto mheshimiwa, hapo hapo, sasa piga. Alikuwa amewaelekeza mawakili na wake zao, na daktari na bwawa lake, lakini hakuna hata siku moja ambayo mtu alisimama nyuma yake yeye. Nani angesimama? Mbeba mifuko hana mbeba mifuko. Kwa hiyo kosa lilikaa miguuni mwake limejificha, fimbo mbovu ikilifunika, na kwenye chumba cha vipimo wavu ulikuwa karibu mno kuonyesha mpira unaelekea wapi. Fimbo mpya hazikuwa na kosa lolote. Zilipeleka mpira kule kule miguu ilikotazama.

"Kwa hiyo umeibiwa au hujaibiwa?" mumewe akauliza.

"Sijaibiwa," akasema Kiduchu. Kwanza alicheka, ndipo machozi yakaja.

Kuanzia hapo alianza upya. Alipoelekeza miguu kwenye bendera kwa kufuata nondo, macho yaligoma, yakamwambia anaelekea barabarani, atavunja kioo cha gari la mtu. Ilimbidi asiyasikilize. Mumewe alikuja kila alipopata nafasi, akasimama nyuma akifumba jicho moja, na wenzake wakawa na utani mpya kuhusu mchomeleaji anayemnyoosha mkewe. Lakini mipira ilianza kunyooka, na utani ukapungua wenyewe.

Siku ya mtihani ilifika kabla miguu haijaamini kabisa. Kiduchu alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Shimo baada ya shimo mpira ulifuata macho yake, na msimamizi wa mtihani, mwanamke mkavu aliyetembea na mwavuli, alianza kumtazama kwa makini. Walipofika shimo la mwisho, Kiduchu alijua anahitaji tu kucheza kawaida. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga kando ya njia, pamoja na daktari na mumewe. Hapo hofu ikamshika. Miguu, bila kuomba ruhusa, ikageuka ikarudi ilikokuwa imezoea. Alilijua kosa lake fimbo ikiwa tayari inashuka. Mpira ukaenda mitini. Alijitahidi kuuokoa, akauokoa vizuri, lakini haikutosha. Msimamizi alijumlisha, akajumlisha tena, akasema kwa sauti ya huruma kwamba amepitiliza idadi inayoruhusiwa kwa mkwaju mmoja.

 Barazani kila mtu akawa mshauri.

"Pole sana, Kiduchu," daktari akasema. "Ulijitahidi. Lakini sasa umeona mwenyewe, si fimbo zinazofaulu mtihani. Ziuze upate hata nusu, ukaezeke jiko lako."

"Nani azinunue, Daktari?" mumewe akaingilia. "Zimetengenezwa kwa kimo cha huyu. Labda tumpate pacha wake."

Watu wakacheka, wakifurahi kupata cha kuchekea. Kiduchu naye akacheka. Kisha akasimama, na ingawa akisimama haonekani kuongezeka sana, wote wakamgeukia.

"Daktari, nakushukuru kwa zile ulizonipa, na shukrani hiyo sitaifuta. Lakini niliufeli mtihani huu mara mbili kwa fimbo zako, na mara zote mbili nilirudi nyumbani sijui nimekosea nini. Nililala nikijiambia labda sina mkono, labda mchezo huu si wa watu kama mimi. Leo nimefeli na najua kwa nini. Nimeliona kosa kwa macho yangu likitoka kwenye miguu yangu. Kama hilo halina thamani ya bati moja, basi sijui nini kina thamani."



Kiduchu akamgeukia msimamizi, ambaye alikuwa anakunja mwavuli wake. "Mtihani mwingine ni lini, dada?"

"Mwakani. Ila watu wengi wakifeli mara ya tatu hawarudi."

"Hao walikuwa na fimbo za nani?" akauliza Kiduchu. "Mimi niandike."