Kifungo cha Jaketi la Mama Mkwe

Mimi ni mkosaji, na afadhali niseme hapa kwa watu wasionijua kuliko niendelee kukaa na jambo hili kifuani. Nilikaribia kumuua mama mkwe wangu, kisha nikamsukumia lawama mtu aliyemwokoa.

Sisi tunaishi Keumbu, huku bara, na mama mkwe yuko Nyaramba, kwenye majani chai. Maji tunayoyajua ni ya mto na ya mvua. Likizo ya Agosti mke wangu akasema mama yake hajaona bahari tangu azaliwe, tumpeleke. Mama alifurahi jamani! Njia nzima hakusinzia.

Tulipofika pwani tukachukua boti hadi kwenye hifadhi ya bahari, mahali watu huvaa jaketi la kuelea, miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaelea wakitazama samaki na matumbawe. Mke wangu hakufika mbali. Mawimbi yalimshika, akalala botini akitapika. Nilidhani mama naye atakaa. Wapi!

"Sikutoka Nyaramba nije nikae kwa mbao," akasema. "Naingia."

Sasa nieleze, maana asiye Mgusii hataelewa. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe simpi mkono. Siketi naye kiti kimoja. Akija upande huu wa uwanja wa kanisa, mimi nahamia ule. Na hapo nilikuwa mbele yake na kaptura, najifunika taulo kama mtoto aliyejikojolea!

Mwongozaji wetu, baba mmoja wa makamo wa huko huko pwani, alikuwa anafunga boti kwenye boya. Alishatuambia kwamba hapo nanga haitiwi, matumbawe yanavunjika, na hayaguswi hata kwa kidole. Akaniita: "Bwana, hebu mfungie mama kile kifungo cha kifuani!"

Kifuani. Kwa mama mkwe. Mimi!

Nikamtazama mama, mama akatazama maji. Kujifunga hakujua, na kuniomba hakuweza. Nikapitisha vidole hewani karibu na jaketi lake, basi.

"Tayari?" mwongozaji akauliza.

"Tayari," nikajibu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Samaki wa manjano, wa buluu, mama anacheka ndani ya mrija. Mwongozaji alikuwa mbele kidogo akituonyesha njia. Kisha boti lingine likapita kwa kasi, wimbi likatupiga. Jaketi la mama likapanda, likamtoka kichwani, likaenda zake. Mrija ukajaa maji. Nikaona macho yake ndani ya ile miwani. Mungu wangu, yale macho! Akaninyooshea mkono.

Mimi nilikuwa nimesimama. Ndiyo, nimesimama juu ya matumbawe, nayasikia yakivunjika chini ya miguu, na yeye yuko upande wenye kina. Sheria ya hifadhi niliivunja bila hata kufikiri, lakini ule mkono nikauangalia tu. Leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa imepanda hadi mapajani, nikageuza uso. Niligeuza uso! Mtu anakufa, mimi naona haya!

Nilipotazama tena, hakuwa juu.

Nikapiga yowe. Mwongozaji akageuka, akazama. Mimi nikabaki nalia pale pale juu ya matumbawe. Botini mke wangu alikuwa anamwita Mungu: "Nyasae one! Mama! Nyasae one!" Yule baba akaibuka na mama begani, akampandisha, akamlaza ubavu. Maji yakamtoka. Akakohoa. Sijawahi kupenda kikohozi cha mtu hivyo.

Ufukweni mke wangu alimvaa yule baba. "Jaketi lilimtokaje mama yangu?"

Mwongozaji akanitazama. "Mimi nilimwambia bwana amfungie. Akasema tayari."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini niliogopa. Watu wamejaa, mwenye boti amekuja, mke wangu amenikazia macho. Nikasema, "Nilifunga. Vifungo vyenu ndivyo vibovu."

Mwenye boti hakuuliza mara mbili. Alimwambia mwongozaji avue fulana ya kazi pale pale aende zake. Akavua, akaondoka bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Mama alikuwa mchangani, amefunikwa blanketi, anasikia kila kitu. Akageuza uso akatazama bahari. Na ni yeye peke yake aliyejua kwamba mkono wangu haukugusa lile jaketi.

Tangu hapo sina amani. Simu ikitoka Nyaramba moyo unaruka: leo amesema! Chakula hakishuki. Mke wangu anadhani ni vidonda vya tumbo, ananichemshia uji.

Juzi tulienda kumsaidia mama kuchuma majani chai. Mke wangu alipoingia jikoni, mama akasimama ng'ambo ya migomba, amenipa mgongo kama desturi yetu, akaniita kwa jina la binti yetu, akasema polepole:

"Baba Kemunto, yule mtu alinitoa kwa maji, walimrudisha kazi?"

Nikainamia majani chai, nikachuma mbio mbio. Alingoja kidogo, akachukua kikapu chake akaendelea kuchuma.

Jana nilimpigia mwenye boti, nikamwambia ukweli wote. Akasema yule baba alishahama na familia yake, na namba yake haipatikani. Mke wangu bado hajui. Nitamwambia leo akitoka sokoni, na wallahi naogopa kuliko nilivyoogopa baharini.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwenye wakwe, heshima ni kitu kizuri, mimi siitukani. Lakini mtu akiwa kwa maji, mfunge, mshike, mvute hata kwa nywele. Haya mtaoneana mkishafika nchi kavu, mkiwa hai wote wawili.